Betri nzima, kapasita nzima, flashi haichaji: uchambuzi wa kisa kimoja

Malalamiko yalikuwa haya: flashi inapiga picha tano sita vizuri, halafu inaanza kuchelewa. Taa nyekundu ya kuonyesha kuwa iko tayari, ambayo zamani ilikuwa ikiwaka ndani ya sekunde nne hivi, sasa inachukua sekunde kumi na zaidi. Mara nyingine kioo cha nyuma kinafifia katikati ya kuchaji, flashi inajizima, kisha inawaka tena yenyewe kana kwamba ndiyo kwanza imewekewa betri. Ni flashi ya kupachika juu ya kamera, ya betri nne za saizi ya AA, aina ile wanayobeba wapiga picha wengi wa harusi hapa Dar es Salaam.

"Fundi, bibi harusi anaingia ukumbini, mimi nimesimama mbele kabisa, nabonyeza, giza," aliniambia kijana mwenye flashi. "Na yule akishaingia ameingia. Humrudishi mlangoni."

Alikuwa ameshahangaika kabla ya kufika kwangu. Alinunua betri mpya, seti mbili tofauti. Alisugua miguso ya betri kwa raba ya penseli mpaka ikang'aa. Akampelekea fundi mwingine, akaambiwa kapasita kubwa, yaani kifaa kinachotunza chaji ya flashi, imekufa, na bei aliyotajiwa ilikaribia kabisa bei ya flashi ya mtumba. Naandika kisa hiki kwa sababu hukumu hiyo ya kapasita naisikia mara kwa mara, na katika dalili za namna hii haisimami hata ukiijadili mezani bila kufungua skrubu moja.

Tuanze na namna flashi inavyofanya kazi, maana jibu limejificha humo. Betri nne zinatoa volti 5 hivi. Ndani kuna saketi yenye transfoma ndogo inayozipandisha mpaka volti 300 na ushee. Ule mlio mwembamba unaousikia flashi ikichaji unatoka hapo. Umeme huo unajazwa kwenye kapasita kubwa. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 ikichajiwa hadi volti 330 inabeba takriban juli 54 za nishati. Kando yake kuna koili ndogo ya kuwashia. Ukibonyeza shata, koili hiyo inarusha volti elfu kadhaa kwenye ukuta wa nje wa bomba la kioo lenye gesi ya zenoni. Gesi inageuka njia ya umeme, na mzigo wote wa kapasita unapita ndani yake kwa muda wa karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukiweka nguvu ndogo, tuseme 1/16, transista maalumu inaukata mkondo mapema, na sehemu kubwa ya chaji inabaki kwenye kapasita.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwake halikuhusu betri. Nilimuuliza kama flashi inasumbua pia anapopiga kwa nguvu ndogo. Akasema hapana, kwa 1/16 anaweza kupiga usiku mzima. Jibu hilo linafunga milango mingi kwa mara moja. Bomba la zenoni ni zima, koili ya kuwashia ni nzima, transista inakata inavyotakiwa. Kinachoshindikana ni kujaza upya mzigo mkubwa, yaani ni safari ya umeme kutoka kwenye betri kwenda kwenye kapasita. Flashi inapojaza kidogo haidai mkondo mkubwa kwa muda mrefu. Inapojaza kapasita iliyomwagwa yote, inavuta ampea kadhaa mfululizo kwa sekunde kadhaa, na hapo kila udhaifu wa njia unajitokeza.

Sasa kapasita. Kapasita ya aina hii ikizeeka inaweza kuharibika kwa njia mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni kupoteza ujazo. Kapasita iliyopungua ujazo inajaa haraka kuliko zamani, kwa sababu haina nafasi ya kubeba kingi, na mwanga unaotoka ni hafifu. Malalamiko ya mteja yalikuwa kinyume kabisa: kuchaji kunachelewa, lakini flashi ikishajaa mwanga ni ule ule. Nilithibitisha kwa kupiga ukuta mweupe kwa ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), shata 1/125, flashi ikiwa nguvu kamili, halafu nikapiga tena na flashi nzima ya modeli ile ile kutoka umbali ule ule. Picha mbili hazikuwa na tofauti ya kuonekana. Njia ya pili ni kuvuja: kapasita inapoteza chaji ikiwa imekaa tu. Hiyo ungeisikia, kwa sababu saketi ingekuwa inaanza tena kulia kila baada ya muda mfupi ili kufidia. Hii ikishajaa ilikaa kimya. Kwa hiyo kapasita ilikuwa nzima, na kijana angelipia kifaa kipya arudi nyumbani na tatizo lake lile lile. Jambo hili linaniuma, kwa sababu hela ile ni ya harusi mbili tatu za mtu anayejitegemea.

Kamera nayo niliitoa kwenye hesabu mapema. Flashi ikiwa mezani peke yake, bila kamera, nilibonyeza kitufe cha majaribio kwa nguvu kamili. Ikachelewa vile vile, ikajizima vile vile. Kosa linalojitokeza bila kamera si la kamera. Nasema hivi kwa kupita tu, lakini wanaoletewa flashi "isiyowaka kabisa" waanze kwa kuangalia mpangilio wa shata: kamera nyingi za kisasa zikiwekwa kwenye shata ya kimya ya kielektroniki haziwashi flashi, na hakuna kilichoharibika.

Zikabaki betri na njia yake. Betri zake zilikuwa za kuchaji, za nikeli, zile za volti 1.2. Nilizipima moja moja kwa multimita, kile kipimo cha volti na omu: kila moja 1.3 na kitu, jumla volti 5.3. Ukiishia hapo utaandika kwamba betri ni nzima na umeme upo. Lakini kipimo hicho kimechukuliwa hakuna kinachovutwa. Ni sawa na bomba la maji lililoziba kwa ndani: ukifunga koki, geji inasoma presha kamili, fungua koki uone kinachotoka. Multimita yenyewe haivuti chochote cha maana, hivyo inasoma presha ya koki iliyofungwa. Betri dhaifu, springi yenye kutu, waya uliobaki nyuzi mbili, vyote vinaonekana vizima kwa kipimo hicho.

Niliweka betri zangu ninazoziamini. Hali ikawa ile ile. Hapo nikajua lazima nifungue.

Kwa anayetaka kufuata njia hii, tafadhali soma aya hii kwa utulivu. Kapasita ya flashi inaweza kukaa na volti zaidi ya 300 muda mrefu baada ya betri kutolewa, na mshtuko wake unaweza kuua. Usiipunguze kwa kuigusanisha na bisibisi. Cheche ile inatoboa chuma, inaumiza kapasita yenyewe, na inaweza kukurukia machoni. Mimi natumia balbu ya zamani ya nyuzi, ya wati 60, ikiwa kwenye soketi yake na nyaya mbili zilizofunikwa vizuri. Inamulika mara moja na kufifia, nawe umeona kwa macho kwamba chaji imetoka. Kisha napima kwa multimita, na sigusi mpaka isome chini ya volti moja. Baada ya hapo naacha kizuizi cha umeme (rezista) kikiwa kimeunganishwa kwenye miguu yake muda wote ninaofanya kazi, kwa sababu kapasita kubwa hurudisha chaji kidogo yenyewe hata baada ya kuitoa chaji yote. Kama hujawahi kufanya kazi hii, mpe anayeijua.

Jaribio la kwanza baada ya kufungua lilikuwa la kuikwepa nyumba ya betri. Nilifunika miguu ya kapasita kwa tepu nene, nikatoa kile kizuizi, nikaunganisha kibebeo cha nje cha betri nne kwa nyaya nene moja kwa moja kwenye sehemu ubao wa saketi unapopokea umeme. Betri zilikuwa zile zile. Flashi ikachaji kwa sekunde nne. Nikaipiga tena na tena kwa nguvu kamili na haikujizima. Kwa jaribio hilo moja ubao wote uliachiwa huru: transfoma, transista zake, kapasita, kila kitu kilichokuwa kikishukiwa. Ugonjwa ulikuwa ndani ya nyumba ya betri, eneo lenye vipande vichache vya chuma na nyaya mbili.

Nikarudisha betri kwenye nyumba yake na kupima kazi ikiwa inaendelea. Klipu za multimita zilifungwa kabla ya betri kuingia, ili mikono isihitajike ndani. Flashi ikiwa imetulia, ubao ulipokea volti 5.3. Ilipoanza kuchaji kutoka sifuri zikashuka mpaka 3.6. Kwa kibebeo cha nje, katika hali ile ile, zilikuwa 4.8. Kwa hiyo volti 1.2 zilikuwa zinapotea njiani, karibu nguvu ya betri nzima moja. Hapo dalili zote zikajieleza: saketi ya kupandisha volti inapopewa 3.6 inajaza polepole, na kompyuta ndogo ya ndani ikiona umeme umeshuka chini ya kiwango chake inajizima. Mzigo ukiondoka umeme unapanda, inawaka upya. Ndiyo ile "inajiwasha yenyewe" aliyokuwa akiieleza.

Njia ya umeme kwenye nyumba ya namna hii ina miguso mitano: bati la chanya, mabati mawili ya mlangoni yanayounganisha betri kwa jozi, bati la kuunganisha lililoko chini ndani, na springi ya hasi. Nilifunga waya mwembamba kwenye mzunguko wa juu wa springi, mahali betri inapokalia, na klipu nyingine kwenye kijibati cha nyuma kilicholehemewa waya unaokwenda kwenye ubao. Chuma hicho ni kifupi kuliko kidole, na pande zake mbili zingetakiwa kusoma karibu sifuri. Flashi ilipochaji, multimita ilisoma volti 1.0. Miguso mingine yote kwa pamoja ilikuwa inakula 0.2 iliyobaki, ambayo si mbaya kwa flashi yenye umri wake.

Hesabu yake ni fupi na inafaa kuijua. Mkondo, niliopima kwa kipimo cha kubana waya, ulikuwa ampea 5 hivi. Volti 1.0 kugawanya kwa ampea 5 ni omu 0.2. Omu 0.2! Ukipima kitu kama hicho kwa multimita ya kawaida kwenye upande wa omu, nyaya za multimita zenyewe zinasoma 0.2 au 0.3 zikigusana, kwa hiyo huioni hata ukiitafuta. Na volti 1.0 mara ampea 5 ni wati 5 za joto, zinazopikwa kwenye springi moja, ndani ya plastiki. Nilipoigusa baada ya kuchaji mara kadhaa ilikuwa ya moto, na plastiki inayoishikilia ilikuwa imeanza kulainika na kuinama upande. Springi iliyopashwa moto hivyo inapoteza msukumo, msukumo ukipungua mguso unakuwa hafifu zaidi, na joto linaongezeka. Kwa hiyo lilikuwa tatizo linalokua lenyewe, na ndiyo sababu mteja aliona hali ikizidi kuwa mbaya msimu hadi msimu.

Lakini si alisugua kwa raba mpaka ikang'aa? Alisugua, na juu ilikuwa safi kweli. Kosa lilikuwa chini. Springi ile haikuwa kipande kimoja na kijibati cha nyuma. Viwili hivyo vilikuwa vimebanwa pamoja kwa ribiti, na maungio hayo yamefichwa na plastiki, huyaoni mpaka ufungue. Kuzunguka ribiti kulikuwa na unga mweupe wenye ukijani, uliokauka. Huo ni mabaki ya betri iliyovuja. Nilipomuuliza akakumbuka kwamba kuna wakati aliishiwa betri za kuchaji katikati ya sherehe, akanunua za dukani za kutupa, na zikakaa humo mpaka zikavuja. Alifuta alichokiona. Kilichoteremka chini ya springi kikaendelea kula chuma taratibu, na hewa yetu ya pwani yenye chumvi na unyevu ikamalizia.

Kuhusu usuguaji wenyewe, raba ni sawa. Msasa sipendi. Miguso hii ni chuma kilichopakwa nikeli nyembamba. Msasa unaikwangua, chuma kinabaki uchi, na kwa Dar, Tanga au Zanzibar kitaota kutu upya kabla mvua hazijaisha.

Matengenezo yalikuwa madogo kuliko uchunguzi. Nilitoa springi na kijibati chake. Kwa kuwa betri zilizovuja zilikuwa za alkalaini, nilitumia siki kwenye kijiti cha pamba. Inapokutana na unga ule inatoa povu dogo, na uchafu unalegea. (Zile betri za bei rahisi za kaboni zikivuja, maji yake yana asidi, na hapo magadi ya kuokea yaliyolowekwa kidogo ndiyo yanafaa.) Baada ya siki nikasafisha kwa spiriti na kuacha pakauke kabisa. Lakini springi yenyewe ilikuwa imeshalegea, kwa hiyo sikuirudisha. Nilichukua nzima kutoka kwenye flashi iliyokufa kwa kupasuka bomba. Springi za rimoti za televisheni hazifai hapa hata zikitosha kwa umbo. Ni nyembamba, hazikuundwa kwa ampea 5, na zitapata moto upya.

Kisha nikafanya jambo ambalo kiwandani hawakulifanya: nikalehemu waya mnene kutoka kwenye kitako cha springi moja kwa moja hadi kwenye kijibati cha nyuma, ili umeme usitegemee ribiti tena. Ribiti ibaki kushika tu. Nikaweka dawa ya kulehemu, risasi ikashika vizuri, nikafuta mabaki ya dawa kwa spiriti. Plastiki iliyoinama niliinyoosha na kuishikilia kwa gundi inayostahimili joto.

Kipimo cha baada: pale palipokuwa pakisoma volti 1.0 pakasoma 0.05. Ubao ukapokea 4.5 na kitu wakati wa kuchaji. Kutoka nguvu kamili, taa ya tayari ikawaka ndani ya sekunde nne na kidogo. Nikaifunga, nikaipiga nguvu kamili mfululizo mpaka ikajipumzisha yenyewe kwa alama ya joto. Huko kujipumzisha ni afya. Flashi nyingi za namna hii zina kinga hiyo, ili kichwa chake kisiyeyuke, na nilimweleza mteja wazi ili siku akiiona asidhani ugonjwa umerudi.

Hapo tukazungumza kidogo kuhusu kwa nini anapiga nguvu kamili kila mara. Kumbi zetu nyingi zina dari za juu sana, na siku ya harusi dari hiyo inafunikwa vitambaa vya rangi. Anaelekeza flashi juu ili mwanga urudi laini, na mwanga mwingi unamezwa huko. Alikuwa akipiga kwa ISO 400. Nikamwambia, "Mdogo wangu, panda hadi 1600." Hizo ni stopu mbili, kila stopu ikiwa ni kuzidisha usikivu mara mbili, na stopu mbili maana yake flashi inahitaji robo tu ya nguvu kwa picha ile ile. Chembechembe zinazoongezeka hakuna mama wa bibi harusi atakayeziona, lakini flashi inachaji haraka mara kadhaa, na betri zinafika mwisho wa sherehe.

Betri nazo zinataka neno. Wengi wanazikwepa za kuchaji kwa sababu zimeandikwa 1.2 na za alkalaini zimeandikwa 1.5, wanaona zaidi ni bora. Kwenye flashi ni kinyume. Ukinzani wa ndani wa alkalaini ni mkubwa, ukiivuta ampea 5 inaanguka vibaya, na kadiri inavyotumika inazidi kuanguka. Ya nikeli inashikilia. Angalia pia kinachoandikwa kwenye ganda: betri ya nikeli ya AA iliyo bora kabisa inaishia karibu na mAh 2,700 (kipimo cha ujazo wa betri), kwa hiyo ile iliyoandikwa 3,800 inakudanganya kabla hujaitoa dukani. Na kuna hatari moja ambayo natamani kila muuza tochi angeitaja: betri za lithiamu za volti 3.7 zinazoitwa 14500 zina umbo karibu sawa na AA na zinaingia kwenye flashi bila shida. Nne zikijaa ni zaidi ya volti 16 mahali palipotengenezwa kwa 6. Flashi ikishapewa hizo, kwa kawaida hakuna tena cha kutengeneza.

Za kijana wetu nilizipima kwa mzigo moja moja, kila betri ikivutwa na kizuizi cha omu 1, ambacho kinachukua zaidi kidogo ya ampea moja, huku nikiangalia volti zake. Saba kati ya nane zilibaki juu ya 1.2. Moja, ambayo imetulia ilisoma 1.31 kama wenzake, ilianguka hadi 0.9 ndani ya nusu dakika. Seti yenye hiyo nilimwambia aiondoe kwenye kazi ya harusi na kuwapa watoto kwa tochi, zile tatu zilizobaki zisichanganywe na mpya. Alizitia alama kwa kalamu ya wino palepale, akaondoka na seti moja nzima pamoja na flashi, betri zikiwa nje ya nyumba yake.